Ufunguo wa tatu kwenye seva yetu ya Kigoma: mngeufuta au mngeuacha?

Mtu wa Kibirizi (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitanuna.

Nipo Kigoma mjini. Riziki yangu ni ufundi wa simu na kompyuta pale Mwanga, na pembeni naendesha seva ya Mastodon. Kwa wasioijua, ni mtandao wa kijamii unaofanana na ile Twitter ya zamani, ila hauna tajiri mmoja anayeumiliki wote. Aliyeuanzisha ni msanidi wa Ujerumani, Eugen Rochko, mwaka 2016. Msimbo uko wazi, yeyote anauchukua na kuusimika kwake, na seva zinaongea zenyewe kwa zenyewe kwa itifaki inayoitwa ActivityPub. (Nasema msimbo kwa makusudi. Nikisema kodi, wazee wa huku wanadhani nimekuja kukusanya.)

Yetu ina akaunti kama 340. Wengi ni watu wa dagaa na migebuka, wa mawese, na wadau wa Kasulu na Kibondo wanaoshusha maharage. Tulihama magrupu ya WhatsApp kwa sababu bei ya juzi ikishazama kule, hata uitafute kwa tochi huipati. Seva tumepanga Ujerumani, tunachanga kila mwezi. Aliyenisaidia kuisimika ni kijana mmoja ambaye hapa nitamwita Dogo. Tulikaa naye usiku mbili dukani kwangu, tukala mihogo ya kuchoma, asubuhi ya tatu ikawaka. Baadaye akapata kazi Dar, akaenda zake. Nikajua hadithi yake na seva imeishia hapo.

Julai 2023 nikapata msiba Kasulu, nikakaa huko siku tano bila kugusa kompyuta. Niliporudi nikakuta namba ya toleo chini ya ukurasa wetu imebadilika, inasoma 4.1.3, na mimi niliiacha 4.1.2. Nikawaza, basi nilisasisha mwenyewe kabla ya safari nikasahau. Msiba unachanganya kichwa. Nikaendelea na maisha.

Baadaye ndiyo nikasoma kilichokuwa kimetokea wiki ile. Tarehe 6 Julai Mastodon walitoa sasisho la kuziba mwanya mbaya sana: mtu angetuma picha au video iliyopikwa kwa ujanja, na seva katika kuichakata ingeandika faili popote mtumaji anapotaka. Yaani anaishika seva nzima kwa picha. Ulipewa alama 9.9 kati ya 10. Waliougundua ni Cure53, kampuni ya Wajerumani ya kukagua usalama, katika ukaguzi ulioombwa na Mozilla, wale wenye kivinjari cha Firefox. Shikeni hilo kidogo. Msimbo ulikuwa hadharani muda wote, maelfu ya watu wanaupakua, lakini aliyeliona tundu ni mtu aliyelipwa kulitafuta.

Tuje Februari 2024. Tarehe mosi likatoka sasisho lingine, 4.2.5. Safari hii mwanya ulimruhusu mtu wa nje kujifanya akaunti ya mwenzake iliyoko seva nyingine na kuishika. Alama 9.4. Timu ya Mastodon ikasema undani hautatolewa mpaka tarehe 15, ili sisi wenye seva tupate muda wa kuziba kabla wezi hawajasoma ramani. Mimi tangazo nililiona Jumamosi tarehe 3, kwa sababu arifa zao nilizielekeza kwenye barua pepe ambayo siifungui. Ndiyo, nichekeni tu.

Fikirieni kwa biashara yetu. Mtu anajifanya yule mama wa Kibirizi ambaye wote mnamwamini, anaandika: "Mzigo umeshakauka, tumeni advansi namba hii." Nani atauliza? Giza la mwezi lina siku zake, dagaa wanavuliwa usiku bila mbalamwezi, kila mtu anawahi. Kabla ya saa nne asubuhi pesa za watu kumi zimekwenda.

Umeme haukuwepo, laptopu ilikuwa mfu. Nikakaa kwenye benchi la kibanda cha chipsi, nikaingia seva kwa simu yenye chaji asilimia 31, nikaanza kusasisha kutoka 4.2.3. Mwenye chipsi ananiuliza kavu au mayai, mimi naangalia mistari inashuka. Ikagoma mara moja kwenye hifadhidata, nikairudia, ikapita. Simu imebaki asilimia 9. Nikasema ngoja nikague na faili la funguo, lile linaloorodhesha nani anaruhusiwa kuingia bila nywila.

Funguo zilikuwa tatu. Wa laptopu yangu. Wa simu yangu. Wa tatu unaishia na jina la kompyuta ya Dogo.

Nikampigia palepale. Hakukataa. Akasema: "Kaka, Julai ulikuwa unazika. Ulitaka nikupigie simu kaburini nikwambie seva inavuja?" Aliingia usiku, akasasisha, akatoka. Na haikuwa mara moja. Kumbe miezi yote ile nilipokuwa najisifu kwa watu kwamba seva yetu haisumbui, kuna mtu Dar alikuwa anaamka kuiangalia. Bila malipo, bila kuniambia. Nikamshukuru kwa dhati, na ufunguo nikauacha pale.

Kisha ikaja tarehe 29 Machi 2024. Wenye kufuatilia mnaijua: XZ Utils, programu ndogo huria ya kubana mafaili inayobebwa na Linux nyingi duniani (Linux ni mfumo unaoendesha seva nyingi). Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa akiwasaidia kwa zaidi ya miaka miwili. Mvumilivu, mpole, kazi safi. Mwenye mradi alikuwa mmoja tu na amechoka, huku akaunti zingine za kichinichini zikimsukuma akabidhi madaraka kwa mwingine. Akakabidhi. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa siri ndani yake. Aliyeuona ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, na hakuwa anatafuta wezi. Alishangaa tu kwa nini kuingia kwenye seva kwa SSH, yaani njia ya kuiongoza kwa mbali, kunachelewa karibu nusu sekunde zaidi ya kawaida.

Wakuu, usiku ule sikulala. Siyo kwamba nilimwona Dogo mwizi. Ila nilijiuliza: kwa kuangalia tu, Jia Tan wa mwaka wa kwanza na Dogo wangu wana tofauti gani? Wote wanafanya kazi nzuri, hawaombi kitu, wanakuja ukiwa umechoka. Sikupata jibu. Asubuhi nikaufuta ufunguo, nikamtumia ujumbe: "Dogo nimefuta access yako, ni utaratibu tu." Tiki mbili za bluu, kimya. Mpaka leo.

Naombeni ukweli. Mngeufuta au mngeuacha?

kahawa_na_kashata

Uzi tayari. Nimeweka kiti, nasubiri wajuzi.

Msanidi_Tabora

Mleta uzi, kufuta ni sahihi, ulivyofuta ndiyo ulikosea. Ufunguo ulitakiwa utoke siku ileile kazi ilipoisha, mbele yake, mkiwa mnacheka, mihogo bado ya moto. Hapo hakuna anayejisikia kutuhumiwa. Wewe umeukuta baada ya muda, ukamshukuru, halafu miezi miwili baadaye ukaukata kwa sababu ya habari ya mtu wa mbali. Lazima anune.

Na Dogo naye amekosea, tusimpake sukari. Huku kwetu Tabora watu wanatundika mizinga porini. Ukimkuta mtu usiku juu ya mti wenye mzinga wako, hata kama anakurudishia mfuniko ulioanguka, ashuke kwanza. Mwizi wa asali naye hupanda usiku, na ukiwa chini na tochi huwezi kuwatofautisha.

Kuna dawa na haina gharama. Kila msaidizi apewe jina lake la kuingilia, siyo kuingia kwa jina lako. Mamlaka yake yawe ya kusasisha tu. Na logi ya nani aliingia saa ngapi itumwe nje ya seva, mahali ambapo yeye hawezi kuifuta. Swali la kama Dogo ni mwema halina kipimo, lakini kama aliingia Julai saa nane usiku na akagusa nini, hilo lina jibu. Ulitakiwa uwe nalo.

Mtu wa Kibirizi

Mkuu hapo kwenye logi umenigonga. Zinajifuta kila baada ya wiki mbili.

Bint_Ujiji

Samahani jamani, mimi siyo mtu wa kompyuta. Ni mmoja wa hao 340, nauza mawese. Ninachotaka kujua ni kimoja. Kaka, huyo Dogo alikuwa anaweza kusoma jumbe zangu za faragha?

Mtu wa Kibirizi

Dada yangu, sitakudanganya. Ndiyo. Na mimi pia naweza. Mastodon haifungi jumbe za faragha kwa fumbo kama WhatsApp, zinakaa kwenye hifadhidata kama zilivyoandikwa. Sijawahi kuzifungua.

Bint_Ujiji

Hujawahi, sawa, nakuamini kwa sababu nakujua, na mama yako namjua. Lakini Dogo simjui. Mlipotuita tuhame WhatsApp mlisema "huku ni kwetu wenyewe, hakuna tajiri anayetuchungulia." Hamkusema kwamba wanaoweza kuchungulia ni vijana wawili, mmoja yuko Mwanga na mwingine Dar. Mimi nimewahi kumwandikia mteja mle habari za mkopo wangu na ugonjwa wa mtoto. Ningeambiwa, ningepiga simu.

Mnabishana ufunguo ukae au utoke kana kwamba nyumba ni ya kwenu wawili.

Msanidi_Tabora

Dada, hii ndiyo hoja kubwa kuliko zote humu. Mei 2023 huko Marekani, FBI walivamia nyumba ya msimamizi wa seva moja ya Mastodon inaitwa Kolektiva, kwa jambo lisilohusu seva hiyo kabisa. Katika vifaa walivyobeba kulikuwa na nakala ya hifadhidata ambayo haikufungwa kwa fumbo. Taarifa za watumiaji wote zikaenda nazo.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Mleta uzi, wewe na seva yako ya kuchangishana mnakusanya majina, namba za simu na habari za watu. Isome.

Jembe la Kasulu

Ndiyo maana mimi nabaki Facebook yangu. Mambo ya bure yanawagharimu.

kalafati77

Jembe, Septemba 2018 Facebook yenyewe ilitangaza mwanya kwenye kile kitufe cha kuangalia ukurasa wako kama mtu mwingine anavyouona. Kwanza wakasema akaunti kama milioni 50, baadaye wakarekebisha kuwa milioni 30 hivi. Tofauti ni kwamba kule huoni fundi anavyogonga. Unaambiwa tu boti ilivuja, tumeshaziba, karibuni tena.

Mimi babu yangu alikuwa fundi boti hapa ziwani. Boti inaundwa ufukweni, kila anayepita anaona mbao, anaona misumari, watoto wanacheza ndani yake. Programu huria ndiyo hivyo. Lakini watu mia wanaopita hawamaanishi watu mia waliokagua. Maungio anayeyajua ni yule mwenye nyundo na pamba anayekalafati, na anayeyajua zaidi ni yule anayekomba maji usiku katikati ya ziwa. Wengine wote wanasema tu "boti nzuri."

Mnawakumbuka Diaspora? Mwaka 2010, vijana wanne wa chuo New York walitaka kujenga mbadala wa Facebook. Waliomba dola 10,000 mtandaoni, watu wakawachangia zaidi ya 200,000. Septemba mwaka huohuo wakaachia msimbo, na ndani ya muda mfupi mafundi walioufungua wakakuta matundu ya aibu: ukibadilisha namba tu kwenye ombi unalotuma, unagusa vitu vya mtu mwingine. Wengine waliwacheka. Mimi nasema walifanya jambo la heshima, waliiweka boti ufukweni kabla ya kupakia abiria. Tatizo ni sisi abiria, tulikuwa tumeshapanda na mizigo.

mtaalamu_wa_chaji

Kuongezea kwa kalafati77: Gab, mtandao wa kijamii wa Marekani, walichukua msimbo wa Mastodon mwaka 2019, wakaanza kuugeuzageuza wanavyotaka. Februari 2021 zikavuja data zao, gigabaiti kama 70, kwa mwanya wa SQL, yaani mtu anapenyeza amri zake mpaka kwenye hifadhidata. Ni tundu la kizamani, linafundishwa darasa la kwanza la usalama. Kwa hiyo msimbo wa mama unaweza kuwa mzima, mtoto akatoboa mwenyewe. Mleta uzi, mmebadilisha chochote kwenye wa kwenu?

Mtu wa Kibirizi

Rangi na nembo tu. Na emoji za samaki, watu walizidai.

mtaalamu_wa_chaji

Emoji 😂😂 Julai hiyohiyo ya 2023, Lemmy (ndugu yake Mastodon, ila umekaa kimajukwaa kama hapa) walidukuliwa kupitia emoji maalumu. Namna zilivyokuwa zinachorwa kwenye ukurasa iliruhusu mtu kupenyeza maagizo yake, yakaiba vibali vya kuingilia vya wasimamizi, na seva kubwa ya lemmy.world ikatekwa kwa muda. Dagaa wako wako salama, ni programu nyingine ile. Nacheka tu.

Bint_Ujiji

Kwa hiyo hata samaki wa kuchora ni hatari. Haya.

Asiyelala

Mimi nataka kumtetea Dogo. Mnasema angeuliza. Sawa. Mimi miaka ya nyuma niliona tundu kwenye mfumo wa taasisi moja, siitaji. Ukibadilisha namba ya mwisho kwenye anwani ya ukurasa unaona fomu ya mtu mwingine, na picha yake, na namba ya simu ya baba yake. Nikaandika barua ya heshima, nikaipeleka kwa mkono. Nikaitwa ofisini. Sikuambiwa asante. Niliulizwa nani kanituma, na nikasomewa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwamba kuingia mahali bila ruhusa ni kosa. Nilitoka pale jasho linanitiririka. Tundu likakaa miezi saba mingine.

Tangu siku hiyo nikiona linalovuja napita kimya. Dogo hakupita kimya, aliziba. Alikosea njia, ndiyo, lakini njia sahihi ya kumwambia mtu kwamba kwake kunavuja wengi hatujaionyeshwa.

Msanidi_Tabora

Asiyelala, pole sana. Lakini huoni mleta uzi siyo taasisi hiyo? Wanafahamiana. Dogo angetuma hata ujumbe mmoja wa "kaka nimeingia nimesasisha, rambirambi."

Asiyelala

Hapo sina jibu.

Mtu wa Kibirizi

Nimewasoma wote, nimerudia mara mbili ya Bint Ujiji. Nimefanya haya tangu jana usiku. Logi sasa zinatumwa kwenye mashine iliyo dukani. Nakala ya hifadhidata nimeifunga kwa fumbo, kumbe ilikuwa uchi kwenye flashi iliyokaa droo moja na bisibisi. Na nimebandika tangazo juu ya ukurasa wetu, kwa Kiswahili cha sokoni: jumbe za faragha humu msimamizi anaweza kuzisoma, mambo ya nyumbani pigeni simu. Watu 14 wamefunga akaunti mpaka sasa hivi. Wamenipa haki yangu.

La Dogo ndiyo bado linanikaa. Sijui nimpigie niseme nini.

Bint_Ujiji

Mimi sijafunga. Ila nimefuta za mkopo.

kompyuta_ya_dar

Shikamoo wakubwa. Mimi ndiye Dogo.

Kaka, sikununa kwa sababu ya ufunguo. Ufunguo ulikuwa wako. Nilinuna kwa neno "utaratibu", kwa sababu mimi na wewe hatujawahi kuwa na utaratibu. Ungeandika "Dogo nimeogopa" ningekuelewa siku ileile, hata mimi ile habari ya XZ ilinitisha. Dada wa Ujiji, jumbe zako sijawahi kuzifungua, na najua huna njia ya kulithibitisha hilo, kwa hiyo sikuombi uniamini.

Mengine tutaongea kwa simu. Ila kaka, namba ya toleo iko chini ya ukurasa wenu, dunia nzima inaiona, na ni ya miezi mitatu nyuma. Tangu hapo yametoka masasisho mawili ya usalama. Umeweka logi, umefunga nakala, umebandika tangazo, lakini boti bado inaingiza maji. Sasisha leo. Na ile barua pepe uifungue.

Mtu wa Kibirizi

Nipo naingia seva sasa hivi. Chaji asilimia 22.